Mende Wasio na Dume

Shikamooni, mama zangu. Niacheni nisimame, siwezi kulisema hili nimekaa, hata leo.

Ndugu zangu, nawaambia, nilinyang'anywa mwanangu kwa sababu ya mende. Chekeni, lakini mimi nililia.

Mume wangu alikuwa kwenye kazi ya reli, nami nikapata kibarua hapa Korogwe kwa Mdachi aliyechunguza wadudu. Nilichimba mende kwenye taka za migomba, nikawafuga vyunguni. Wengine walikuwa majike kwa madume. Wale weusi wafupi sikuwaona na dume kabisa, na bado walizaa! Mdachi akawapasua, akawatazama kwa kioo chake cha kukuzia. Akaniambia ndani ya miili yao mna vijiuzi vidogo mno: wenye madume, hesabu ya vijiuzi vyao ni moja kwa wote; wasio na dume, kila ukoo una hesabu yake.

Nikaenda na mwanangu mgongoni kuwasimulia wakwe zangu Handeni. Mama mkwe akanitazama.

"Kitu kizae bila dume? Huo uchawi, mwanangu. Mtoto habaki nawe."

Nikawa mtu wa njiani. Handeni, Korogwe, Handeni tena. Nafika, nanyimwa mlango, narudi, silali, nageuka. Nilidhani nitapata wazimu.

Kungwi wangu, aliyenifunda nilipokuwa mwali, ndiye aliyewaita wanawake wa pale Handeni.

"Kila mmoja achimbe mende mweusi mchanga kwenye migomba yake," akasema. "Mmoja tu. Amtie chunguni, afunge kitambaa kwa fundo lake, akae nacho mwenyewe, tuone kama mende huyo atazaa peke yake."

Wakasita. Akafunga yeye kwanza. Mama mkwe akafunga cha pili, kwa ubishi.

Mvua zikaja, zikakatika. Tukaitwa. Mama mkwe akafungua fundo lake mbele ya wote, na ndani vitoto vyeupe vinakimbizana! Vyungu vingine navyo hivyo hivyo.

"Basi na mimi mchawi?" akauliza.

Akaingia ndani, akamleta mwanangu. Mtoto akajificha nyuma ya kaniki ya bibi yake. Hanijui. Hapo nilivunjika, ndugu zangu.

"Usiondoke," mama mkwe akasema. "Lala hapa mpaka akuzoee."

Namshukuru kungwi wangu. Nanyi mnaosikia, jambo likiwatisha, lijaribuni kwenu kwanza kabla hamjamtenga mtu na mwanawe.

Na wewe mama mkwe, uliyekaa hapo mbele: chungu kilikuwa nyumbani kwako. Ungeweza kukimwaga nyuma ya nyumba, na hakuna ambaye angejua. Asante, mama.