Mfungo Uliofunguliwa kwa Ugali

Jina la Bwana na litukuzwe, ndugu zangu wa Kamanga, pamoja nanyi mliovuka kwa kivuko cha asubuhi kuja kuabudu nasi!

Nasimama kushuhudia jinsi Mungu alivyonitoa mautini. Nilizaliwa ufukweni hapa. Tangu utotoni tumbo langu lilikuwa kubwa na choo changu kilikuwa na damu, wala sikujua kuwa ninaumwa, kwa sababu wenzangu wote niliooga nao ziwani walikuwa vivyo hivyo. Tuliambiwa kwamba watoto wa ziwani ndivyo walivyo.

Nikawa mwalimu, nikaoa, tumbo likazidi kujaa. Siku moja, nikiwa sokoni Kirumba, nikatapika damu, ikatapakaa juu ya dagaa wa watu. Hospitalini waliizuia damu ile, wakapima choo, wakaona mayai ya kichocho, vimelea vinavyopenya ngozi tunapoingia majini. Nikapewa vidonge, nikaagizwa nivimeze nikiwa nimekula.

Lakini kundi letu la maombi lilikuwa limetangaza mfungo kwa ajili yangu, nami nilikuwa nimeweka nadhiri ya kutoonja chakula hadi nipone. Nikavimeza nyumbani, tumbo likiwa tupu, wenzangu wa maombi wakiwa wamenizunguka. Kizunguzungu kikanishika, nikavitapika vyote.

"Haleluya!" ndugu mmoja akapaza sauti. "Mwili wa mtakatifu umeikataa dawa!"

Wengine wakaitikia amina. Ndugu zangu, nilirudi hospitalini nikapewa dozi nyingine, nikaogopa kuimeza. Nguvu zilikuwa zimeniishia. Mke wangu alikuwa ameanza kulia chinichini.

Ndipo akaingia Bibi Nyamizi, kiongozi wetu wa maombi.

"Shikamoo, bibi," nikasema kwa tabu.

"Marahaba. Mwalimu, daktari alisemaje?"

"Alisema nile kwanza."

"Basi kwa nini hujala?"

"Nimeweka nadhiri, bibi."

"Mfungo niliutangaza mimi, na mimi naufungua. Mungu atanidai mimi, si wewe." Akawageukia wenzetu. "Nanyi wa amina, sogeeni mle naye! Au mnataka afe na njaa, mpate kuimba vizuri msibani?"

Akasonga ugali kwa mikono yake, akaleta kitoweo cha samaki, sato. Tukala sote, wengine machozi yakiwatiririka. Nikameza dawa, nayo ikatulia. Ndugu zangu, ikatulia!

Baadaye kundi zima tulikwenda kupimwa. Yule ndugu wa haleluya alikutwa na kichocho. Bibi Nyamizi naye alikutwa nacho. Wengi wetu, ndugu zangu, tulikuwa tumewaombea wagonjwa miaka yote, nasi wenyewe ni wagonjwa!

Ini langu bado lina makovu yaliyoachwa na kichocho, na daktari bado ananiangalia. Lakini ninasimama, ninafundisha, ninamlea binti yangu. Namshukuru Mungu aliyeifanya dawa, akampa bibi huyu ujasiri wa kuvunja mfungo wake mwenyewe.

Leo wauguzi wako shuleni, na akina mama wameshapika. Mtumainini Bwana, wapendwa. Nendeni na watoto wenu mkapimwe. Wakiwapa vidonge, kuleni mshibe, kisha mvimeze bila hofu.