Kazi Isiyotajika Ukweni

Benchi letu liko gatini Opukiri, mbele ya meza ya Mallam Sa'idu, Mhausa aliyekuja kuuza chai kwa msimu mmoja akasahau kurudi kwao. Asubuhi ile tulikuwa wale wale: Waziri, karani mstaafu ambaye redio haimtoki kwapani, Injinia, mchomeleaji wa matangi ya kupikia mafuta huko mikokoni, mimi, nisiye na cheo, na Inatimi, tunayemwita Bwana Harusi. Harusi yenyewe haijafanyika. Miaka mitatu anampenda Alaere, binti wa Chifu Igoniko wa ng'ambo ya mto, na kikwazo ni kile kile: siku ya kubisha hodi ukweni, mshenga lazima ataje kwa sauti, mbele ya ukoo mzima, kijana anafanya kazi gani. Inatimi anapika mafuta ghafi vichakani, kazi ya kukimbizana na wanajeshi. Sasa hiyo utaitajaje?

Redio ikasema serikali inafikiria kuwapa vibali wapikaji wadogo.

— Mmesikia? Waziri akaruka. Bwana Harusi, kashone nguo!

— Wanafikiria tu, nikasema. Hawa wakianza kufikiria, watu wanaota mvi.

— Acha mkosi wako asubuhi asubuhi! Waziri akafoka. Ogogoro je? Mkoloni aliwafunga babu zetu kwa kupika pombe yao wenyewe. Leo nani anaoa hapa bila chupa ya ogogoro mezani?

— Ogogoro haikuua samaki, Mallam Sa'idu akasema, huku akifuta masizi ya moshi wa mikokoni kwenye mfuko wa mkate. Wala haikunichafulia mkate.

— Ndiyo maana ya kibali, Mallam! Injinia akadakia. Tutapewa eneo, tutawekewa mitambo ya kuzuia moshi. Mafuta ni ya kwetu. Yanapita chini ya vitanda vyetu yanakwenda kusafishwa Ulaya, yakirudi tunayapangia foleni. Haki iko wapi hapo?

Hapo hata mimi nikatikisa kichwa kukubali, maana foleni ile naijua.

— Kibali kikitoka nafungua kiwanda, Injinia akaendelea. Matangi yangu yataenda Ghana, yataenda Kameruni. Baadaye naunda meli.

— Meli! nikamkatiza. Boti ya shemeji yako uliichomelea ikazama hapa hapa gatini tunaitazama.

— Ilizidishwa abiria, bwana!

— Tulieni, Waziri akasema. Wapikaji watapewa sare. Watapewa na pensheni. Itatangazwa siku yao, shule zifungwe, maofisi yafungwe. Na noti mpya ya naira itakuwa na sura ya Bwana Harusi, kashika upawa.

Tulicheka mpaka Mallam akamwaga maziwa. Inatimi hakucheka.

— Mimi noti siitaki, alisema. Nataka mtu asimame tu pale aseme, "Kijana wetu anasafisha mafuta," na wazee waitikie. Basi.

— Mara ile nilipokuwa mshenga wako, si nilisema vizuri? Injinia akalalamika. Nilisema unafanya biashara ya mafuta.

— Chifu akakuuliza ofisi iko wapi, ukaonyesha msituni! Waziri akamkumbusha.

Tukacheka tena, lakini kidogo.

— Alaere alikuwa nyuma ya pazia, Inatimi akasema. Niliona vidole vyake tu. Tangu siku ile sijawahi kuwa karibu naye namna ile. Nikitoka kwenye kambi ya mafuta najisugua kwa sabuni na mchanga mpaka ngozi inawaka, na harufu haitoki. Halafu nakuja hapa, natazama taa ya kwao.

Hakuna aliyemtania. Nilimwonea huruma, na niseme kweli, nilimwonea na wivu kidogo. Mimi sijawahi kumtamani mtu hivyo.

Boti ya ng'ambo ikatia nanga. Akashuka Alaere, bado kavaa nyeusi. Kaka yake, Tari, tulimzika mvua zilizopita, baada ya tangi kumlipukia kambini akipika mafuta. Siku zote hupita akatoa salamu kwa heshima, akaenda sokoni. Leo akasimama.

— Shikamooni wazee. Nimesikia habari ya redio kwenye boti.

— Marahaba, mwanangu! Waziri akachangamka. Basi mwambie baba aandae viti. Mchumba wako anakuwa mtu wa serikali!

Alaere hakumtazama Waziri. Alimtazama Inatimi, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelibeba swali siku nyingi.

— Baba ameniuliza, na nimeshamjibu kwamba nakutaka. Kazi yako naijua, na sikuionea aibu hata siku moja. Niambie hili tu. Kibali kikitoka, utakuwa unarudi nyumbani mzima?

— Kutakuwa na ukaguzi, Waziri akaanza, serikali itahakikisha...

— Samahani, baba. Namwuliza yeye.

Injinia, aliyelichomelea lile tangi la Tari, alikuwa anatazama viatu vyake. Mallam alishika birika bila kumimina. Alaere alingoja. Swali lake halikuwa la shere wala la hasira. Alitaka ajibiwe, na naamini angejibiwa vizuri angeketi pale pale kwenye benchi letu.

Kisha akajitanda kitambaa chake, akaanza kwenda.

— Alaere! Inatimi akaita.

Akageuka haraka, akangoja tena. Inatimi alikuwa amesimama, mikono wazi, na ahadi ya kurudi mzima hakuweza kuitoa.