Kioo Kikubwa cha Baba

Ndani ya basi, mama aliyekaa mbele yangu alimgeukia jirani yake, fundi wa kompyuta aliyepakata mfuko wa nyaya. "Eti fundi, kioo kikubwa cha kompyuta kikishushwa kipimo cha picha chini ya kile cha kiwandani, kinaharibika?"

"Hakiharibiki, dada. Herufi zinakuwa kubwa ila zina ukungu. Kukitumia hivyo ni dhambi."

Mafundi nao wana dhambi zao, nilijisemea.

"Basi baba yangu alikuwa mkosaji. Nilipokwenda kumsalimia nikakuta herufi kama zimelowa maji. Nikamrudishia kipimo cha kiwandani, herufi zikawa safi ila ndogo, nikajisifu. Akasema, 'Ahsante mwanangu, sasa kinang'aa.' Kumbe hazioni! Mwaka mzima alikaa mbele ya kioo akijifanya anasoma, asinivunje moyo."

"Lakini ulifanya sawasawa. Ungekuza maandishi tu, basi."

"Sawasawa kwa kioo, au kwa baba?"

Fundi alizungusha waya kidoleni. "Nitakuja niyakuze mwenyewe, dada. Ni kazi ndogo."

"Sasa haoni hata dirisha, kaka."

Basi likasimama, mama akashuka. Fundi naye alikuwa ameomba kushushwa kituo hicho hicho, lakini hakuinuka.