Mama Pampu na Tangi la Baba Mkwe

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana ya magari ya wagonjwa ya hospitali yetu, mkuu wa kitengo cha mifumo ya mafuta, ambaye humu ndani hana jina jingine ila Mama Pampu, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Walionipa kazi ya kuandika wasifu huu walisema nisizidishe ukurasa mmoja. Wamekosea mtu. Mimi ni fundi umeme, nimefanya naye kazi benchi moja zaidi ya nusu ya miaka hiyo, na niliyo nayo nitayasema hata mhariri wa jarida letu akinuna.

Aliingia kazini akiwa msichana mwembamba, ndani ya ovaroli la kuazima lililokunjwa mikono na miguu. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuosha vipuri. Hakuna aliyemkalisha chini kumfundisha kabureta, vile vifaa vya kuchanganya mafuta na hewa. Alizijua kwa kuziosha, tundu kwa tundu, akafahamu kila moja linaanzia wapi na linatokea wapi. Siku moja msimamizi wa wakati ule akashangaa kuona vipuri vinatoka kwenye beseni vikiwa vimeshaunganishwa, tena sawasawa. Akamhamishia kitengo cha mafuta, na huko hakutoka tena. Alipanda hadi fundi mkuu, akapanda hadi mkuu wa kitengo. Ofisi alipewa. Aliigeuza stoo ya mipira ya mafuta, akabaki benchi.

Sheria yake ni moja: nusa kwanza, shika baadaye. Wapo wanaokumbuka siku mganga mkuu wa zamani alipopita karakana na sigara mdomoni, nasi tumefungua tangi. Mama Pampu hakupiga kelele. Aliitoa ile sigara mdomoni mwa mkubwa taratibu, kama anayempangusa mtoto kamasi, akaitumbukiza kwenye kikombe cha chai, kisha akasema, "Shikamoo, daktari." Tulijua kazi hana. Kesho yake likabandikwa tangazo la kupiga marufuku sigara karakana nzima, na saini iliyokuwa chini yake ni ya mganga mkuu mwenyewe.

Ni yeye pia aliyegundua, msimu ambao magari yalikuwa yakigoma kuwaka kila asubuhi ya mvua, kwamba maji yalikuwa yanapenya kwenye tangi kuu la akiba kupitia mfuniko uliopinda. Kabla ya hapo lawama zote walibebeshwa madereva, na wawili walikuwa wamesimamishwa kazi. Walirudishwa wiki ileile.

Lakini ukweli ni kwamba nilikubali kuandika haya ili nipate kusimulia habari ya gari jekundu.

Baba mkwe wake Mama Pampu ni mzee aliyekula chumvi nyingi. Enzi zake alikuwa mpiga dramu wa bendi ya dansi, na kwa jasho la vijiti alinunua gari la spoti la viti viwili, jekundu, chini kama sahani. Bendi ilipovunjika aliliegesha nyuma ya nyumba, akalifunika turubai, na kuku wakalihesabu kuwa lao. Kati yake na mkamwana wake palikuwa na heshima tele na maneno machache. Hakuwahi kumtendea ubaya. Ila moyoni hakuwahi kumeza kwamba mwanawe kaoa mwanamke anayekuja mezani akinukia petroli, na kwa miaka yote hiyo alimwita "mama wa wajukuu," basi. Atamsalimia, atauliza hali ya watoto, kisha atairudia redio yake.

Jioni moja alisalimia, redio asiirudie. "Mama wa wajukuu," akamwambia, "hivi lile gari langu linaweza kupona?"

"Litapona, Baba."

Alijibu kabla hajafikiri. Asubuhi alikuja kazini ameshika kichwa, akaniuliza Jumamosi huwa nafanya nini.

Basi Jumamosi zetu zikaishia kwa mzee. Injini tuliishusha na kuifungua yote. Breki zikasukwa upya. Mchomeleaji wetu akakata bati lililoliwa na kutu, mimi nikavuta waya mpya kutoka taa za mbele hadi za nyuma. Mzee alikuwa anakaa kwenye kiti chake cha kukunja, kofia kichwani, akitutazama kama anayesubiri zamu yake jukwaani. Siku injini ilipowaka, alivua kofia.

Furaha hiyo haikudumu. Gari lilikuwa linawaka vizuri, linanguruma, linakwenda tambarare bila tatizo. Likianza kupanda mlima wa sokoni, linakohoa mara mbili tatu, linazima. Ukisubiri kidogo na kuwasha tena, linaamka na uso mkavu, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kwa asiyelijua, gari lile lina kabureta mbili mbele, na nyuma karibu na tangi ipo pampu ya umeme inayovuta mafuta huku inagonga: tik, tik, tik. Mama Pampu alizifungua kabureta zote mbili hadi skrubu ya mwisho, akapima maboya yake ya ndani, akabadilisha sindano zinazopitisha mafuta. Gari likazima palepale. Akatoa mipira yote ya mafuta iliyovimba kwa uzee, akaweka mipya. Likazima. Akahisi mafuta yanachemka kwa joto la ekzosi, tukakata bati la kukinga joto. Likazima, tena mbele ya wauza nyanya, ambao sasa walikuwa wanatusubiri kama sinema. Mimi nami nikabadilisha waya za pampu nikitamba kwamba nimemaliza kazi. Sitaki kuzungumzia hilo.

Tangi hakuligusa, na alikuwa na sababu. Chujio la mafuta kila alipolifungua lilikuwa safi, jeupe kama pamba. Tangi lingekuwa chafu, chujio lingesema. Isitoshe mzee mwenyewe alikuwa ameshatamka kwamba tangi lake ni zima, na neno la mkwe halirudiwi mara mbili.

Ndipo tukaipata ile Jumamosi mbaya. Mzee alikuwa kwenye usukani, Mama Pampu pembeni yake, mimi nyuma na gari la kukokotea. Katikati yetu lilijipenyeza lori la mchanga. Mlimani gari jekundu likazima, safari hii ghafla, na likaanza kurudi nyuma kabla mzee hajaikanyaga breki. Nilisikia breki za lori zikilia, nikafumba macho. Nilipoyafumbua, bampa ya lori ilikuwa juu ya buti ya gari dogo, bila kuigusa, na kati ya magari hayo usingeweza kupitisha godoro. Dereva wa lori alishuka, akakaa chini ukingoni mwa barabara. Hakutukana hata tusi moja. Hapo nikajua tumepona kweli.

Mama Pampu aliinama ndani ya gari akachomoa ufunguo.

"Baba, nisamehe. Gari hili halirudi barabarani mpaka nijue linaumwa nini."

"Ufunguo wangu unauchukua wewe?"

"Nauchukua, Baba."

Mzee alitembea kwa miguu hadi nyumbani. Kuanzia hapo akafunga mdomo. Wiki zikapita. Mkamwana akiamkia, jibu linapitia kwa mumewe, karani mpole wa posta ambaye boneti hajui hata inafungukia wapi: "Mwambie mkeo nimeitikia." Maskini yule bwana akawa anapeleka salamu kutoka sebuleni hadi jikoni kama yuko kazini.

Humu karakana Mama Pampu aliacha kuimba. Angeshika kabureta ya gari la wagonjwa iliyo safi kabisa, akaitazama tu. Siku moja nikamwambia aachane na lile gari, ni chuma tu. Akanijibu bila kuinua macho, "Gari silijali. Mzee akiondoka duniani amenuna, hilo mimi nitalibeba vipi?" Nilijifanya natafuta koleo.

Asubuhi moja ya siku ya kazi, nani akatokea getini? Mzee, amekuja kwa basi, kofia kichwani, shati limepigwa pasi. Tukamwekea kiti. Hakumsalimia mtu kwa jina. Alichukua spana mbili ndogo juu ya benchi, akazipima uzito mikononi.

"Nimekuwa nikiwaza ile pampu," akasema. "Tambarare inapiga hivi." Akagonga benchi: tik, tik, tik, sawa kama saa. "Mlimani, kabla gari halijafa, inapiga hivi." Akagonga tena. Tik. Tik... Tik.

Mama Pampu akasogea.

"Baba, inachelewa? Haikimbii?"

"Nimepiga dramu tangu sijaota ndevu, mwanangu. Inachelewa."

Nilimwona Mama Pampu uso ukibadilika. Pampu inayovuta hewa hukimbia, kwa kuwa haina mzigo. Inayochelewa ni ile inayovuta kwa nguvu na hakiji kitu. Kuna kinachoikaba koo. Na koo la pampu ni bomba linalotoka kwenye tangi.

"Baba," akaanza polepole, "na tangini hakuwezi kuwa na uchafu kidogo?"

"Uchafu utoke wapi? Nililipaka dawa ndani kwa mikono yangu, kabla sijaliegesha. Dawa ya kuzuia kutu. Likang'aa kama sahani."

Mama Pampu aliweka bisibisi chini. Kwa adabu yote aliyolelewa nayo, akauliza, "Dawa gani hiyo, Baba?"

Aliomba ruhusa ya nusu siku, na mimi nikajiombea yangu, tukaongozana na mzee hadi kwake. Tulimwaga mafuta, tukaifungua geji ya kupimia mafuta iliyo juu ya tangi, nikaingiza kioo kidogo, naye akaelekeza mwanga wa tochi. Ile dawa ya miaka mingi ilikuwa imelainishwa na mafuta mapya, ikabanduka ukutani kama rangi kwenye nyumba yenye unyevu. Kipande kimoja, kipana kama kiganja, kilikuwa kinaning'inia jirani na mdomo wa bomba. Tambarare injini inavuta kidogo, kipande kinatulia. Mlimani inavuta kwa nguvu, kipande kinanyonywa na kuziba mdomo wa bomba. Gari likizima, kinaachia. Ukiwasha, linawaka. Na kwa kuwa kilikuwa kikubwa kuliko bomba lenyewe, hakikuweza kufika kwenye chujio hata siku moja. Chujio letu jeupe lilikuwa halina la kusema.

Mama Pampu alikaa juu ya tairi akacheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yale, nadhani, si yote yalikuwa ya kicheko. Mzee akainama, akatazama ndani ya kioo kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema.

"Ni dawa, Baba. Na ni mimi niliyeliamini chujio."

Mzee akanyoosha mgongo. "Basi tumekosa wote wawili, fundi."

Fundi. Nilikuwepo, nimeshika kioo, nilisikia kwa masikio yangu. Mama Pampu alijifanya anatafuta kitambaa.

Tangi tulilitia dawa ya kubandua na mnyororo mwembamba ndani, tukalitikisa kwa zamu, mzee akihesabu mapigo na kutugombeza tukipoteza mdundo. Baada ya suuza nyingi likabaki chuma kitupu. Halikupakwa kitu tena. Jumamosi iliyofuata Mama Pampu akampa mzee ufunguo kwa mikono miwili, tukaelekea mlimani, mimi nyuma na kamba tayari.

Gari liliwapita wauza nyanya bila kukohoa. Likapanda, likapanda, likapotea upande wa pili wa kilele. Nilipofika juu nikaliona limesimama pembeni. Niliruka chini nikakimbia. Injini ilikuwa inanguruma. Mzee kainua kidole: "Shhh! Sikiliza." Nyuma yao pampu ilikuwa inagonga, sawa, sawa, sawa. Mama Pampu alikuwa ameegemeza kichwa kitini, macho amefumba, anapumua kama mtu aliyetua gunia la mkaa. Sijamwona ametulia vile kabla wala baada.

Hayo yalitokea mwaka jana. Sasa mzee anasema kuna mpiga gitaa mwenzake wa bendi, bado yu hai, anaishi mji wa mbali kidogo, na wakwe hawa wawili wamepanga kwenda kumwona mwezi Julai. Viti ni viwili. Karani wa posta ameambiwa apande basi, na amefurahi kuliko wote.

Mama Pampu, dada yetu, tunakushukuru kwa mikono yako, kwa pua yako, kwa ukali wako na kwa nyimbo zako za asubuhi. Mji huu umejaa watu waliofikishwa hospitali wangali wanapumua kwa sababu gari liliwaka mara ya kwanza. Hawakujui, na wewe hukuwahi kuwauliza majina. Leo wanatembea sokoni, wananunua nyanya, wanagombana na watoto wao. Hao ndio miaka yako thelathini na mmoja. Nenda ukapumzike, uwe na afya, na barabara zako zote ziwe nyepesi.