Mama Mita na Majengo Matatu ya Karibu na Soko

Ndugu, jamaa, majirani na waheshimiwa madiwani, familia imenituma mimi mdogo wake nisome maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Mita, na ambaye angekuwa hai angenisahihisha kila mstari.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1952, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano, akaanza shule ya msingi mwaka 1960, akamaliza kidato cha nne mwaka 1971, na mwaka uliofuata akaajiriwa na shirika la umeme kusoma mita, kazi aliyoifanya miaka ishirini na tatu, akipanda na kushuka kila ngazi ya katikati ya mji, mpaka akajua nani ana mgonjwa ndani na nani anaiba umeme, na huyo wa pili alimpa maneno yake palepale mlangoni.

Alifunga ndoa tarehe 4 Septemba 1976 na fundi saa, mtu mpole aliyependa kusema kwamba saa zote za nyumba ni zake ila muda ni wa mkewe, wakajaliwa watoto watatu na wajukuu sita, na shemeji yetu akatangulia tarehe 2 Februari 2009.

Mwaka 1995 alichaguliwa kuwa diwani. Miaka mitatu baadaye baraza lililetewa ripoti kwamba majengo matatu ya halmashauri karibu na soko ni matupu, yabomolewe pawe maegesho ya magari, na fedha za serikali za ukarabati zirudishwe zilikotoka. Tarehe 17 Agosti 1998 marehemu aliwaongoza madiwani wenzake hadi chini ya ngazi za kila jengo, wakazikuta mita zinazunguka, akawaambia, “Waheshimiwa, nyumba tupu haipigi pasi.” Hoja ya kubomoa ilianguka kwa kura moja, na familia sabini na nne zikabaki na makazi yao.

Lakini tusimpambe tu, mwenyewe alitukataza. Fedha zile zilitosha majengo mawili yenye lifti, au yote matatu bila lifti, naye akasimamia matatu, akisema ngazi haijawahi kumuua mtu. Rafiki yake wa tangu shule, fundi cherehani wa ghorofa ya nne katika mojawapo ya majengo hayo, ambaye miguu yake ilikuwa imeanza kumkatalia, alimwambia mbele ya watu, “Basi mwenzangu, umeniweka darini na ngazi umeondoka nayo,” na tangu siku hiyo hakumsemesha tena.

Mwaka 2019 dada alianza kuugua moyo. Aliishi ghorofa ya pili ya jengo hilohilo, akawa anapumzika mara tatu kabla ya kuufikia mlango wake, ndipo alipoelewa. Alipiga simu juu, haikupokelewa, na mara mbili alijaribu kupanda akaombe radhi kwa mdomo wake, akaishia ghorofa ya tatu, majirani wakamrudisha. Alifariki tarehe 11 Mei 2024, hospitalini, baada ya kutuagiza tuyaandike haya humu na tusiyapunguze: kwamba kuhusu lifti alifikiria majengo akamsahau mtu, na anaomba msamaha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliombeba kwa kiti hadi kwenye gari kila siku ya kliniki, na madiwani wenzake, ambao alisema wasitoe hotuba, wapitishe lifti.

Fundi cherehani hayupo hapa, kwa sababu hawezi kushuka. Tukitoka makaburini familia itapanda na karatasi hii, imsomee yote tangu mwanzo, na asubuhi hii ametuma ujumbe kwamba mlango atauacha wazi.

Dada yetu, sasa tutakupandia sisi. Pumzika kwa amani.