Mama wa Kubonyeza

Treni ilikuwa haijakolea mwendo, muuguzi akamgeukia jirani yake, kinyozi mwenye mashine zake mapajani. Hawakujuana. Fundi cherehani wa kiti cha nyuma akatega sikio. Umbea haulipiwi nauli.

"Binti yangu ana miaka saba, shuleni wameanza kuwafundisha kutengeneza programu za kompyuta," muuguzi alisema. "Jana wazazi tuliitwa kuona. Wenzake wametengeneza paka wa kuruka. Wangu katengeneza mama. Ukimbonyeza anasema, 'Subiri.' Ukibonyeza tena, 'Nimechoka.' Tena, 'Kamuulize baba yako.' Halafu anarudia mwanzo. Watu wamevunjika mbavu, mimi najifanya natafuta kitu mkobani."

"Mtoto hana adabu huyo, dada. Ungemkanya palepale."

"Nimkanye kwa lipi, kaka? Mwalimu kasema kazi yake haina kosa hata moja."

"Basi amwongezee huyo mama neno tamu."

"Nimemwambia. Kasema alishaliweka, akalifuta, kwa sababu halikufanana na mimi."

Treni ikasimama. Simu ya fundi ikalia, mwanawe huyo, na kabla hajafikiri akawa ameshamwambia, "Subiri."