Fundi Polepole na Meza ya Uani

Ndugu waombolezaji, familia imeniteua mimi, shemeji yake, niwasomee maisha ya mpendwa wetu tuliyemzoea kwa jina la Fundi Polepole, na mtaniwia radhi nikisoma taratibu, maana mwenyewe hakuwahi kufanya jambo kwa pupa, hata kuzaliwa kwake, mama yake alikuwa akisema, kulichelewa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1948 katika nyumba ya udongo nyuma ya kiwanda cha mbao, akiwa mtoto wa nne wa mpasua mbao na mkewe muuza maziwa, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1956 hadi 1963, kisha akaingia shule ya ufundi, alikohitimu useremala tarehe 30 Novemba 1967. Januari iliyofuata aliajiriwa na karakana ya milango na madirisha karibu na stesheni ya reli, akatumikia hapo hadi alipostaafu Juni 2003, na wapo hapa wenzake watakaoshuhudia kwamba mlango wake haukuwahi kukwaruza sakafu, ila wapo pia maharusi fulani, nawaona pale safu ya pili, ambao kitanda chao cha harusi kiliwafikia mtoto wao wa kwanza ameshaanza kutambaa.

Tarehe 18 Septemba 1976 alifunga ndoa na dada yangu, fundi cherehani, wakajaliwa watoto watatu, binti ambaye ni muuguzi, kijana dereva wa lori, na kitindamimba ambaye ni mwalimu.

Mwaka 2008 macho yalianza kumsumbua, madaktari wakasema ni presha ya macho, wakapigania kilichoweza kuokolewa, lakini kufikia Agosti 2011 alikuwa haoni tena hata mwanga wa dirisha. Hapo dada yangu aliingiwa na hofu ambayo hakumwambia mtu ila mimi, kwamba mumewe atakufa kabla ya kufa kwake, kwa sababu mikono ile haikujua kukaa bure, alikuwa akimkuta kitandani anapapasa mbao za kitanda, anatafuta pa kurekebisha, hapaoni. Watoto nao, kwa huruma, waliuficha msumeno wake darini, wakamwambia umeazimwa na haukurudi, wakidhani wanamnusuru vidole.

Hakubishana nao. Februari 2012 aliazima msumeno wa seremala jirani, akaanza kujenga meza ya kazi uani, nje kabisa, ambako jua likimpiga shavuni alijua ameelekea wapi, nasi tukaanza kufika mmoja mmoja, wengine tukijifanya tumepita tu. Alipima kwa kamba yenye mafundo, akasimamisha miguu minne minene juu ya mawe bapa isije ikanywa maji, akaipaka oili chafu, akapanga mbao za juu akiacha upenyo wa kidole kati yake ili mvua ipite, na akakaza kwa bolti badala ya misumari, maana mbao inayolala nje, alisema, inavimba na kunywea kama tumbo la mlafi, na bolti unaikaza upya wakati wowote. Uani pana mteremko, kwa hiyo miguu miwili ya upande wa bondeni aliifanya mirefu kuliko mingine. Kisha akaweka gololi katikati ya ubao mmoja, akatega sikio, na sisi wenye macho yetu mawili mawili tukanyamaza kama tuko ibadani, dada yangu yuko mlangoni na sindano mdomoni, na gololi haikwenda popote.

Machi 2013 alilazwa kwa upasuaji wa ngiri, na watoto, kwa mapenzi tu, wakaihamishia meza kwenye baraza ya saruji isilowe. Ikayumba. Wakatazamana kwa huzuni, masikini baba, hakuona, wakaikata ile miguu miwili mirefu mpaka meza ikatulia, na hakuna aliyekumbuka mteremko. Marehemu alirudi tarehe 6 Aprili, akaipapasa meza, akachuchumaa kwa shida, akashika miguu iliyokatwa, asiinuke tena, mpaka dada yangu akaamini kwamba leo ndiyo basi tena, hatagusa kazi maisha. Kumbe anasoma alama za meno kwenye mbao. Akasema kwa upole kwamba anawashukuru wanawe, mkato si mbaya, ila angependa kujua ule msumeno wake ulioazimwa ulirudi lini, maana jino lake moja lililopinda amelikuta hapo. Dereva alitazama juu, mwalimu akatazama viatu vyake, na muuguzi akaenda kuleta ngazi.

Meza ilirudi uani, akawafundisha kuunga miguu upya, mikono yake juu ya mikono yao, na maungio hayo yapo mpaka leo, la dereva limekwenda upande kidogo. Tangu hapo hakuna aliyemnyima kifaa, akafanya kazi pale mvua na jua, na vidole vyake vyote kumi tumevihesabu juzi tulipomwandaa.

Oktoba 2019 alianza kuishiwa pumzi, ikaonekana moyo umechoka, akalazwa tarehe 2 Novemba, na akatutoka asubuhi ya tarehe 11 Novemba 2019, mkewe akiwa amemshika mkono. Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kliniki ya macho na wa wodi ya moyo, wenzake wa karakana, na seremala jirani ambaye hakuuliza kipofu anataka msumeno wa nini. Nanyi majirani, mlioleta vigoda vyenu vitengenezwe miaka yote hiyo, dada yangu amenituma niwaambie kwamba vingi havikuwa vimevunjika, na marehemu alijua. Alikuwa akikigeuza kigoda juu ya meza, anakipapasa mguu kwa mguu, anakikuta kizima, anacheka peke yake, kisha anagonga gonga nyundo kwa nguvu ili msikie huko mliko, na jioni anawarudishia na kuwaambia kilikuwa kimeharibika vibaya.

Pumzika kwa amani, shemeji.